Wimbo Kazini: Lini Unasaidia, Lini Unadhuru?



Siku hizi muziki hauko mbali. Zamani mtu aliyetaka wimbo alingoja siku ya ngoma, au aliimba mwenyewe, au alikwenda kwa jirani mwenye redio. Leo simu ndogo ina memori kadi yenye nyimbo mia na zaidi. Tunapita Nshamba, tunapita Kamachumu, tunafika Bukoba mjini: kote kuna sauti. Fundi cherehani anashona, redio inaimba. Mwenye duka anauza, sabufa inanguruma. Kijana anapalilia kibanja, hedifoni ziko masikioni. Mama anaanika kahawa, simu ameifunga kwenye pindo la kanga, nayo inaimba nyimbo za kwaya.

Wengine husema, "Bila muziki mimi kazi haiendi." Wengine husema, "Makelele hayo yanapoteza akili." Basi nani anasema kweli?

Jibu letu ni hili: wote wawili wanasema kweli, maana kazi hazifanani. Ipo kazi ambayo wimbo huisukuma mbele. Ipo kazi ambayo wimbo huiharibu. Na ipo kazi ambayo wimbo unaweza kumwua mwenye kuifanya. Tukijua kuzitenganisha kazi hizi, tutapata faida ya muziki bila hasara yake.

Wazee walijua jambo hili

Kuimba kazini si jambo jipya. Majirani zetu Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, ambayo asili yake ni shambani. Ngoma hupigwa, na walimaji hujipanga mstari mmoja. Jembe la kila mtu hupanda na kushuka kwa mlio wa ngoma. Anayetaka kulegea anasukumwa na mlio. Anayetaka kwenda mbio anazuiwa na mlio. Hivyo wote hufika mwisho wa shamba pamoja.

Kwetu pia zipo kazi za namna hiyo. Fikirini kukamua ndizi za rubisi kwa miguu: mguu huu, mguu ule, mguu huu, mguu ule. Fikirini kukata nyasi huko rweya. Fikirini kunyonyoa senene, watu wameketi pamoja na ndoo imejaa. Mikono inarudia jambo lile lile mara elfu. Kichwa kinachoka kabla ya mikono kuchoka. Hapo wimbo ni msaada mkubwa.

Lakini si kila wimbo ulikuwa wa kazini. Tazameni enanga. Mpiga enanga husimulia tenzi ndefu za mashujaa, kama ule wa Rukiza au wa Mugasha. Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa huku kwetu, alizichunguza tenzi hizo na kuandika tasnifu juu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Enanga inapopigwa, watu huketi, husikiliza, huitikia. Wimbo wenye hadithi hutaka kichwa chote. Ukikosa maneno mawili matatu, umempoteza shujaa njiani.

Kwa hiyo tuna nyimbo za kufanyia kazi, na tuna nyimbo za kuketi na kusikiliza. Simu imezichanganya zote katika kadi moja, nasi tumeanza kusahau tofauti yake.

Kwa nini wimbo husaidia mikono?

Sababu ya kwanza ni mwendo. Mwili wa mtu hupenda kufuata mapigo. Ukisikia ngoma, mguu hugonga chini bila kuambiwa. Basi kazi yenye mapigo, kama kulima, kutwanga au kupiga makasia, hupata mwendo mmoja. Mwendo mmoja hupunguza uchovu.

Sababu ya pili ni moyo. Kazi ya kurudiarudia huchosha moyo. Wimbo mchangamfu huondoa uvivu, na saa hupita upesi.

Sababu ya tatu ni umoja. Watu wakiimba pamoja, hakuna anayejiona peke yake.

Wazungu nao walijifunza jambo hilo katika viwanda. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji silaha nyingi kwa haraka. Wafanyakazi walikaa mbele ya mashine saa nyingi wakichoka na kusinzia. Tarehe 23 Juni mwaka huo redio ya BBC ilianza kipindi cha muziki kwa ajili ya watu walioko kazini. Kiliendelea mpaka mwaka 1967.

Angalieni jinsi walivyokipanga. Muziki haukupigwa kutwa nzima. Ulipigwa nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, maana muziki usiokoma sikio hulizoea, nao huacha kuamsha mtu. Walichagua nyimbo ambazo watu walizijua, zenye mwendo sawa, zisizopanda na kushuka ghafla. Nyimbo za kubembeleza usingizi hazikutakiwa.

Wimbo mmoja wa Kimarekani, Deep in the Heart of Texas, ulikatazwa kabisa. Kwa nini? Una mahali ambapo msikilizaji hupiga makofi. Wakubwa waliogopa kwamba wafanyakazi wataacha kazi wapige makofi, au watagonga mashine kwa spana ili kuitikia! Kumbe hata wimbo mzuri unaweza kuiba kazi.

Sisi twajua jambo hilo. Saida Karoli, mwimbaji wa Bukoba, alipotoka na wimbo wake Maria Salome mwaka 2001, nchi nzima ilicheza. Wimbo wa namna hiyo ukipigwa, nani atabaki ameshika jembe? Wimbo wa kucheza ni wa kucheza. Kwa kazi tafuta ule unaokwenda na mikono, usioita miguu.

Kazi ya kusoma na kuhesabu ni kazi nyingine

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sana sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Unaposoma gazeti hili, hata kama midomo imefungwa, ndani ya kichwa kuna sauti ndogo inayosoma. Sauti hiyo ndiyo inayokupa maana. Ukiwasha wimbo wenye maneno, sasa kuna sauti mbili: ya kwako inasoma, ya mwimbaji inaimba. Ni kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja mwembamba kwa wakati mmoja. Watakwama.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1989 Pierre Salamé wa Ufaransa na Alan Baddeley wa Uingereza walieleza majaribio yao. Waliwaonyesha watu tarakimu kadhaa, kisha wakawaomba wazikumbuke kwa mpangilio wake. Muziki ukipigwa kando na mtu akiimba, watu walikosea zaidi kuliko penye ukimya. Muziki wa vyombo vitupu, usio na mwimbaji, haukuwavuruga kiasi hicho.

Mtu aliyesoma miaka mingi husoma upesi, nguvu ya kichwa humbakia. Lakini msomaji mpya bado anaunganisha silabi. Nguvu yake yote iko kwenye maneno. Akiongeza wimbo juu yake, anajipa mzigo wa pili kabla ya kuutua wa kwanza.

Tuchukue mfano wa kahawa. Tuseme umepeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Mizani imeonyesha kilo 87. Jirani yako kwenye foleni amefungulia simu, wimbo unapiga kwa nguvu. Kichwani mwako 87 inageuka 78. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 87 ni shilingi 261,000. Kilo 78 ni shilingi 234,000. Umepoteza shilingi 27,000, na hakuna mtu aliyekuibia! Hata karani akikosea, wewe hutatambua, maana kichwa chako kilikuwa kwenye wimbo.

Kwa hiyo mbele ya mizani, mbele ya risiti, mbele ya mkataba wowote wa kutia sahihi, zima muziki. Ukikuta umewashwa na mwingine, mwombe kwa adabu apunguze. Usione haya. Ni fedha yako.

Tukumbuke pia mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita nchini, watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Walifanyaje? Waliketi. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Masomo yalikuwa na wakati wake, na jembe lilikuwa na wakati wake.

Jaribu wewe mwenyewe

Usituamini kwa maneno tu. Fanya jaribio hili na mwenzako nyumbani.

Kwanza, zima kila kitu. Soma aya moja ya gazeti hili. Mwenzako akuulize maswali matatu juu ya uliyosoma. Andika umepata mangapi.

Pili, washa wimbo wa Kiswahili unaoupenda. Soma aya nyingine yenye urefu ule ule. Mwenzako akuulize tena maswali matatu.

Tatu, jaribu na muziki usio na maneno, kama wa ngoma tupu au wa gitaa, kwa sauti ndogo.

Rudieni jaribio siku tatu, kisha mlinganishe. Watu hawafanani, wengine huvurugika sana, wengine kidogo. Hapo utajijua wewe ni mtu wa namna gani.

Je, muziki huleta akili na mawazo mapya?

Wapo wanaosema kwamba muziki humfanya mtu awe na akili nyingi. Maneno haya yalienea baada ya mwaka 1993. Mwaka huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, Marekani, waliwasikilizisha wanafunzi 36 muziki wa Mozart kwa dakika kumi, kisha wakawapa mafumbo ya maumbo. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi kwa muda mfupi, kama dakika 10 hadi 15 hivi. Basi.

Lakini habari ilikua njiani kama uvumi wa kijijini. Watu wakasema Mozart huwapa watoto akili. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia alitaka serikali yake itoe fedha ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo! Mwaka 2001 wataalamu wa Kanada walionyesha sababu iliyo rahisi zaidi: muziki mchangamfu humwamsha mtu na kumfurahisha, na mtu aliyeamka na mwenye furaha hufanya kazi vizuri kwa muda. Si uchawi wa Mozart.

Na kubuni mambo mapya je? Hapa nako kuna kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kukusanya mawazo mengi. Kwa mfano: tofali moja linaweza kutumika kwa mambo mangapi? Kujengea, kukalia, kuzuia mlango, na kadhalika. Mwaka 2017 wataalamu wawili, mmoja wa Uholanzi na mmoja wa Australia, waliwajaribu watu 155. Waliosikiliza muziki wa furaha, usio na maneno, walitoa mawazo mengi na mapya kuliko waliokaa kimya.

Kazi ya pili ni kutafuta jibu moja tu lililo sahihi. Kwa mfano: tukikupa maneno "nyuki", "mzinga" na "tamu", ni neno gani linayaunganisha? Asali. Mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza na Sweden walitumia mafumbo yanayofanana na hili, ila magumu zaidi. Muziki uliwapunguzia watu uwezo wa kupata jibu. Hata wimbo wa lugha wasiyoielewa uliwavuruga. Hata muziki usio na maneno uliwavuruga. Basi asiwepo wa kusema, "Mimi nasikiliza Kilingala, sielewi neno, haunisumbui." Unasumbua.

Tunajifunza nini? Tuseme mama anayesuka mikeka anatafuta mapambo mapya. Au fundi seremala anawaza kiti cha namna mpya. Hapo muziki wa furaha unaweza kumfungulia mawazo. Lakini akifika kwenye kupima, kukata na kupiga hesabu ya mbao, azime. Mbao ikishakatwa fupi haiwezi kurefushwa.

Masikio ni walinzi wetu

Sasa tunasema juu ya hatari yenyewe.

Macho huona mbele tu. Masikio husikia pande zote, hata gizani. Ukiziba masikio kwa hedifoni, umewafukuza walinzi wako wawili.

Mwenye kupalilia kibanja anahitaji kusikia majani makavu yakichakarisha, maana huenda ni nyoka. Wenye kukata mti wanahitaji kusikia mwenzao akipiga kelele, "Unaanguka!" Mwenye mashine ya kusaga husikia kwa mlio kwamba mkanda unateleza, kabla haujakatika.

Dereva wa bodaboda anahitaji kusikia honi ya lori nyuma yake. Barabara ya Bukoba kwenda Muleba ina vilima na kona. Dereva aliyeziba masikio anabeba roho mbili: yake na ya abiria. Abiria, ukimwona dereva ameweka hedifoni, mwambie aitoe. Akikataa, shuka.

Na ziwani? Wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Bumbire na Goziba hufanya kazi usiku. Giza likiwa nene, upepo husikika kabla haujafika. Injini ya mtumbwi mwingine husikika kabla taa yake haijaonekana. Mwenzio akianguka majini, sauti yake ndiyo itakayokuita. Wimbo wa kupiga makasia huimbwa na wote, na wote huunyamazisha mara moja jambo likitokea. Wimbo wa hedifoni ni wa mtu mmoja, naye ndiye wa mwisho kujua kwamba kuna hatari.

Jambo jingine ni afya ya masikio yenyewe. Sauti kubwa kwa muda mrefu huharibu vinyweleo vidogo sana vilivyo ndani ya sikio, navyo havioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya nguvu yake. Kama simu ina vijistari kumi vya sauti, usipite cha sita. Ukiona masikio yanavuma baada ya kuzima muziki, ujue umezidisha.

Nyumbani tuelewane

Muziki wako huenda ni makelele ya mwenzako. Baba amerudi, amechoka, anataka redio. Mtoto yuko chini ya taa anafanya hesabu alizopewa na mwalimu. Mama anasoma kadi ya kliniki ajue tarehe ya kurudi. Nyumba ni moja. Nani asikilizwe?

Tunashauri nyumba ipange saa ya kusoma, hata kama ni nusu saa tu. Wakati huo redio izimwe na simu zinyamaze. Saa hiyo ikipita, muziki uwashwe na wote wafurahi. Mzazi anayezima redio ili mtoto asome amemfundisha mtoto kwamba kusoma ni kazi yenye heshima. Na wewe mkubwa, chukua gazeti lako ukae naye taa moja. Kisomo kisichotumika hupotea.

Kwa ufupi

Kabla ya kuwasha muziki kazini, jiulize mambo matatu:

1. Kazi hii ni ya mikono inayorudia jambo moja? Washa, au afadhali imba mwenyewe pamoja na wenzako.

2. Kazi hii ni ya kusoma, kuandika, kuhesabu au kupima? Zima. Ukishindwa kabisa, weka muziki usio na maneno, kwa sauti ndogo, ila mbele ya fedha na mikataba uzime kabisa.

3. Kazi hii ina hatari? Usizibe masikio hata kidogo.

Na ukiwasha, usiwashe kutwa nzima. Nusu saa, kisha pumzika, kisha tena. Hivyo wimbo utabaki mtamu na kazi itaendelea.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu ni kazi zipi zilizokuwa na nyimbo zake? Nani bado anazikumbuka? Mwandikeni jina lake, mwende kumsikiliza.

2. Kilo 64 za kahawa kwa shilingi 3,000 ni shilingi ngapi? Karani akisoma 46, mkulima atapoteza kiasi gani? Fanyeni hesabu kwanza redio ikiwa imezimwa, kisha mfanye nyingine ikiwa imewashwa. Mmeona tofauti gani?

3. Mfanyeje ili madereva wa bodaboda na wavuvi wa hapo kwenu wakubali kuacha hedifoni wakiwa kazini?